Chumvi Kavu ya Bi Nampoto

"Kimbunga kikimeza ukavu, uliza njia upya." Jana mkutanoni mliisikia, mkacheka, mkaniuliza kimbunga kinamezaje. Sikilizeni basi ilikotoka.

Mwaka ule redio ilitangaza kwamba kimbunga kinakuja moja kwa moja Namgogoli, kijiji chetu cha majaruba ya chumvi. Mkuu wa kamati ya uokoaji, bwana mwenye filimbi shingoni, akatuhamishia wote kaskazini, shuleni, bondeni kando ya mto. Hilo simlaumu. Siku ile alikuwa sahihi.

Sisi watu wa chumvi tuna desturi. Bonge la chumvi huwekwa nje juu ya jiwe. Likitoa jasho, mvua i karibu. Siku ya pili pale shuleni bonge la Bi Nampoto, mkubwa wa wavuna chumvi, lilikuwa kavu kama mfupa. Kusi, upepo wa kutoka kusini, ilikuwa imewahi, inavuma na ukavu wake. Watu wakapiga vigelegele: "Chumvi imesema! Kimbunga kimenyauka!"

"Kunyauka si kufa," akasema Bi Nampoto, akamwendea mkuu. "Mwanangu, tupandishe watu mlimani."

"Bibi, kimbunga kinapita Namgogoli. Redio imesema."

"Lini?"

"Juzi."

"Juzi kilikuwa na nguvu, kirefu, kinasukumwa na pepo za juu. Sasa kimemeza ukavu, kimepungua kimo. Kimbunga kifupi hubebwa na upepo wa chini, na wa chini ndiyo hii kusi. Itakileta huku. Nguvu hakina tena, ila maji bado kinayo. Nimeviona viwili vya namna hii."

"Umesomea wapi wewe?"

"Jarubani, miaka arobaini. Na wewe hiyo filimbi umesomea wapi?"

Watu wakaangua kicheko, na kicheko kile ndicho kilichomchoma mkuu. Akasimama langoni. "Atakayetoka hapa, unga wa msaada asiuulize!"

Nusu yetu tulitoka. Kaka yangu Mfaume akabaki na watoto wake wanne. "Huko mlimani tutakula mawe?" akaniuliza. Nikapanda mlima na wenzangu.

Kesho yake alasiri mvua ilikuja bila upepo wa kutisha, ikanyesha tu, ikanyesha, mpaka mto ukaingia madarasani. Watoto wake tuliwateremsha kutoka juu ya paa. Mwili wa Mfaume tuliupata siku ya tatu baada ya mafuriko. Walikufa watu tisa.

Baadaye tukajua redio ilikuwa imetangaza njia mpya ya kimbunga adhuhuri ile ile ya mabishano. Ya mkuu ilikuwa mkobani, imezimwa. Jibu alikuwa nalo tayari, asikilize nini tena? Taarifa ya kamati ikaandika: "maafa hayakutabirika." Niliisoma mwenyewe, kwa kidole, neno kwa neno, na sijaisahau.

Walipomfuata Bi Nampoto aweke dole gumba kwenye karatasi ile, alikataa. Akawaambia kama wanataka neno lake, waandike hili:

"Kimbunga kikimeza ukavu, uliza njia upya."