Kompyuta Iliyovikwa Kitambaa

Msitazamane, wapendwa. Aliyekoroma kwenye spika wakati kwaya ya akina mama inaimba ni mimi. Nimemwona mpiga kinanda akikagua nyaya. Hakuna waya uliolegea, ndugu yangu, ni mchungaji wako. Nimewahi kulala kwenye benchi la stesheni Tabora, nikalala uwanja wa ndege Addis Ababa hadi ndege ikaniacha, lakini kulala madhabahuni na kipaza sauti kifuani nimekuja kuanzia hapa kwenu. Basi, kwa kuwa heshima yangu imeshamwagika, acheni niwape mfano.

Palikuwa na mama mmoja mwenye studio ndogo ya kutengeneza video za kwaya na harusi. Alikuwa na chumba kimoja, pazia jekundu, na kompyuta ya mezani ya zamani aliyoipenda kama mzaliwa wake wa kwanza. Usharika wao ukampa kazi: video ya wimbo wa jubilei, ionyeshwe ukutani Jumapili mbele ya askofu. Ng'ambo ya barabara kulikuwa kumefunguliwa studio mpya, na wazee wa kanisa walikwishanong'ona kwamba mama akishindwa, kazi zote za kanisa zinavuka barabara. Mama alilijua hilo. Na kompyuta yake ilitembea kama kinyonga aliyeitwa na wakwe.

Shemeji yake, mtu wa mdomo, akachungulia dirishani.

"Shemeji, hiyo si kompyuta, ni mstaafu. Mpe mkono wa kwaheri."

"Mstaafu wangu bado ana pumzi," mama akajibu. "Hajaombwa tu akimbie."

Alikuwa anajua anachosema. Prosesa, yaani ule ubongo wa kompyuta, hupangiwa kasi yake kiwandani, na nyingine huachiwa akiba kidogo ya nguvu ambayo mwenyewe anaweza kuiamsha. Sasa, ninyi mngeiamshaje? Mimi ningepandisha kasi mpaka mwisho, halafu nikaiombea. Yule mama hakuwa mchungaji. Kwanza alihamishia kazi zake zote kwenye diski nyingine, liwalo na liwe. Akafungua kasha na kupuliza vumbi, likatoka vumbi la kujaza kaburi. Ile dawa inayopakwa juu ya prosesa ili ipitishe joto ilikuwa imekauka kama ugali wa juzi. Akaifuta, akapaka mpya kiasi cha punje ya mahindi. Akafunga feni kubwa zaidi. Ndipo akapandisha kasi kidogo, akaipa kazi nzito, akakaa akitazama joto. Salama. Akapandisha kidogo tena. Umeme wa prosesa, ambao ukizidi huiunguza, hakuuongeza hata chembe. Alipofika mahali kompyuta ikaganda, hakubishana nayo. Akarudi hatua moja nyuma, akaacha hapo.

Na ile kompyuta ikakimbia! Mama akatoka barazani, mikono kiunoni, akaitazama studio ya ng'ambo huku akiimba sauti ya pili.

Kisha akafunga kasha, akafanya kile kinachofanywa na kila nyumba yenye adabu. Alikuwa na kitambaa cheupe cha kufuma chenye maua ya waridi, alichopewa na mama mkwe wake siku ya kufungua studio. Akakirudisha mahali pake, juu ya kompyuta. Nani hapa hana kitambaa juu ya televisheni? Mnacheka? Kuna nyumba nilifikia, jokofu lilikuwa limevaa kunishinda.

Kesho yake kompyuta ikajizima katikati ya ubeti wa pili. Ina akili kuliko mchungaji: ikizidiwa na joto hunyamaza, mimi huendelea kuhubiri. Mama akapunguza kasi. Ikajizima. Akapunguza tena, na tena, mpaka ikarudi kwenye kasi yake ya kwanza, ikitambaa vilevile kama zamani. Jumamosi mchana video ilikuwa haijafika hata nusu.

Shemeji akarudi, na safari hii hakutania. "Shemeji, si aibu. Vuka tu, uwape wale hiyo kazi."

Mama alitazama kompyuta, akatazama mlango. Alikuwa ameshaanza kuchomoa waya wa ile diski aipeleke ng'ambo, ndipo mama mkwe wake alipoingia, amekuja kwa ajili ya jubilei, na kuku kwapani. Kama afanyavyo kila fundi anapoikuta kazi ya mikono yake, akakipapasa kile kitambaa. Akautoa mkono haraka.

"Mwanangu, umetoka kukipiga pasi?"

"Hapana, mama."

"Mbona kinaunguza?" Akakinyanyua. Chini yake palikuwa na matundu ya kutolea joto, na upepo wa moto ukawapiga usoni. "Yaani inapopumulia ndipo ulipoifunika?"

"Mama, hicho ni cha heshima. Ningekiacha vipi, na umekifuma wewe?"

"Heshima gani ya kumziba mtu pua?" Akakikunja, akakitia kwenye mkoba, akaomba maji ya kumpa kuku.

Mama akairudisha kasi pale alipokuwa ameipandisha. Kompyuta haikuzima tena. Jumapili ule wimbo ukawaka ukutani, askofu akasimama, na shemeji akapita benchi kwa benchi akisema, "Ile ni kompyuta ya kwetu. Ya kwetu ile!"

Wapendwa, nami najivuna hivyohivyo juu yenu. Humu ndani mna watu wa zamani wenye kasi ambayo dunia haijaiona. Lakini sisi ni wafumaji hodari mno. Yule mama anayefundisha watoto wetu, tulimpa kitenge, tukampa cheti, tukampa jina la Mama wa Usharika, kisha tukamwongezea na darasa la vijana. Nani alimuuliza kama amekula? Nani alimpa msaidizi? Tunamtaka mtu akimbie, tunamfunika kwa sifa, na akizima tunasema amezeeka! Hatumpunguzii kazi, wala hatumfungulii hewa. Tunafuma tu kitambaa kingine.

Na leo mmemwona aliyezima. Hili joho zito la sufu mlilonishonea kwa upendo, nami nikaogopa kulivua ndani ya joto hili nisije nikawavunja moyo, limenilaza mbele ya kwaya. Mama Mwenyekiti, wewe uliyelishona, umekaa hapo mbele. Unasemaje?

"Vua, Baba Mchungaji. Na ukikoroma tena, tutajua ni uvivu."