Suti ya Sidi

"Baridi ya mwenzio usiivalie nguo." Mmeisikia leo kwa Kache, alipomwambia Mbeyu aliyekuwa akililia viatu vya jirani, mkacheka, mkaja mbio kuniuliza maana yake. Haya, kaeni. Methali hii ina mwanzo wake, na mwanzo wenyewe ni papa hapa Malindi.

Kache na Sidi ni watoto wa dada wawili. Walijifunza kupanda mawimbi kwa ubao mmoja, wakipokezana. Kisha Sidi akaalikwa kushindana Afrika Kusini, kule ambako bahari ina baridi ya kuingia mifupani, akarudi na suti. Msicheke, si suti ya harusi. Ilikuwa ya mpira mzito, nyeusi, ya kumbana mtu kuanzia shingoni hadi vifundoni, na zipu yake iko mgongoni. Akaianika kambani, na mtaa mzima ukaja kuitazama.

Kache naye aliitazama, na kijicho kikamkaa kama mwiba wa samaki kooni. Mtu akimsifu Sidi, Kache chakula hakipiti. Sidi akishinda, Kache atasema ni ile suti, ingawa Sidi hakuwahi kuivaa Malindi hata siku moja.

Yakatangazwa mashindano, na mshindi ndiye atakayepelekwa Afrika Kusini mwaka ule. Kache aliitaka safari ile kuliko kitu chochote. Asubuhi ya mashindano akamwendea mwenzake.

"Dada, niazime suti yako."

"Kache, hii si ya maji yetu. Kule bahari ni barafu. Hapa, hata upepo wa kusi ukivuma, ni maji ya kumwogeshea mtoto. Vaa fulana, inatosha."

"Sema tu unaninyima!"

"Sikunyimi, nakwambia..."

"Umezoea kung'aa peke yako, ndiyo maana."

Sidi akaishusha suti kambani, akamvalisha, akampandishia zipu kwa mkono wake. Kache akatembea hadi majini akijiona ushindi ameshauvaa.

Sidi, na fulana yake iliyochakaa, akalidaka wimbi la kwanza, watu wakamshangilia. Kache akakaza kupiga maji kwa mikono. Jasho likaanza kumtoka ndani ya mpira, na halikuwa na pa kutokea. Mikono ikawa mizito, kichwa kikamgonga. Akaipapasa zipu mgongoni, hakuifikia. Wa kumfungulia alikuwa karibu, lakini ni Sidi, na Kache aliona heri afe kuliko kumwita. Ndivyo wivu ulivyo, wanangu: unakuchoma, na mdomo unakuziba.

Mawimbi mazuri yakampita akiyaona. Macho yalipoanza kuingia giza, kiburi kikamtoka.

"Sidi! Nifungue, nakufa!"

Sidi alikuwa ameshaanza kuliendea wimbi jingine. Akaliacha. Akamfikia, akaivuta zipu hadi kiunoni. Maji yakamwingia Kache mgongoni, akashusha pumzi, akaangua kilio huku ufukwe mzima ukimtazama.

"Mimi nguo hii niliivalia baridi niliyoikuta kule," Sidi akamwambia. "Wewe umevalia baridi ya nani, dada?"

Sidi akaipata safari kwa lile wimbi lake moja.

Wala msidhani wivu ulimwisha Kache siku ile, siwadanganyi. Sidi alipokuwa akifunga mizigo, Kache alijifungia chumbani akalia tena. Alipomaliza kulia akaisuuza suti ile kwa maji baridi, akaianika kivulini, akaikunja, akampelekea mwenyewe.

"Chukua, dada," akasema. "Baridi yake iko huko."

Sasa mnajua kwa nini nyinyi mlicheka leo na Kache hakucheka. Mbeyu, futa machozi. Viatu vile ni vya mtoto aendaye shule ya mbali, njia ya mawe. Wewe shule yako iko nyuma ya nyumba. Baridi ya mwenzio usiivalie nguo.