Mchi wa Jirani

Ndugu zangu, ninyi mliowahi kuzungusha kanda ya kaseti kwa kalamu ili betri za redio zisiishe, mfano huu ni wenu kwanza. Vijana mtuvumilie kidogo.

Alikuwepo prodyuza mmoja, enzi zile kurapu kwa Kiswahili wazazi wetu wanakuita uhuni. Studio yake ilikuwa chumba cha kupanga, kutani kabandika magodoro na trei za mayai ili kelele za nje zisiingie. Ziliingia vilevile. Jirani yake, mama muuza kisamvu, alikuwa akitwanga uani kila alasiri, na siku moja kijana mmoja aliyekuja kurekodi akiwa katikati ya mistari yake, maiki ikaudaka ule mchi. Du, du-du, du. Kijana akanuna, akataka wafute waanze upya. Prodyuza akamwambia anyamaze kwanza. Akaurudia ule mdundo, akaurudia tena, akaona bega linacheza lenyewe. Basi akaufanya ndiyo ngoma ya wimbo.

Jamani, wimbo ule! Ulipigwa saluni, ukapigwa kwenye vipaimara na kwenye mabanda ya chipsi. Wasanii wakapanga foleni kuutaka mdundo uleule, na prodyuza, kama ilivyo desturi ya kazi yao, akawa ananong'oneza jina lake mwanzoni mwa kila wimbo, watu wajue ni mkono wa nani.

Yule mama naye akausikia redioni. Akaja dirishani, vidole bado vina majani, furaha tele.

"Baba, huo si mchi wangu?"

"Hapana, mama," prodyuza akajibu bila hata kugeuka. "Hiyo ni mashine."

Mama akarudi kwenye kinu chake.

Miaka ikaenda. Kanda zikafa, studio ikafungwa, prodyuza akaota mvi. Mdundo haukuzeeka. Aliusikia kwenye simu za wajukuu, kwenye matangazo ya sabuni, hata kwenye nyimbo za kwaya. Kwaya msicheke, nanyi mnao. Mdundo upo kila mahali, jina lake halipo popote. Jambo hilo lilimuuma, likamnyima hamu ya chakula. Mwishowe akavaa shati lake la heshima, akaenda studio moja kubwa ya mjini kuomba kitu kimoja tu: atajwe.

Kijana wa pale alimpokea vizuri, akamwamkia, akampa kiti. Mzee akaeleza kwamba ule mdundo unaopigwa hapo ni wake, ameutengeneza yeye. Kijana alimwonea huruma.

"Hapana, mzee wangu," akasema kwa upole. "Hiyo ni mashine."

Mnamwona mzee pale kitini? Anayajua maneno hayo. Aliyasema yeye, kwa sauti ileile, akiwa na umri uleule.

Akasahau kilichomleta. Akaaga, akashika njia ya mtaa wa zamani, njia nzima akiomba amkute mama hai. Akamkuta. Macho yamefifia, kinu kimepasuka, kimegeuzwa kigoda na yeye amekikalia. Mzee akapiga magoti kwenye vumbi.

"Mama, ulikuwa mchi wako."

Bibi akacheka taratibu. "Nilijua, baba. Mtu husahau mkono wake? Harusi zote nimeucheza. Nilikuwa nakungoja wewe tu."

Ndugu zangu, sisi tunanung'unika hatutajwi. Wanakwaya wananung'unika, wazee wa kanisa wananung'unika, na mchungaji wenu asiposhukuriwa chai ya Jumapili haipandi. Sawa, inauma. Lakini sala ile unayoisali, ulimsikia nani akiisali upande wa pili wa ukuta ulipokuwa mtoto? Wimbo unaokufariji hospitalini, nani alikuwa akiuimba huku anaosha vyombo? Ulishamwambia? Au siku alipokuja dirishani kwako hukugeuka?

Wengine wetu tumechelewa, na tunajua makaburi yao yalipo. Lakini wako wenye mtu ambaye yu hai leo, amekaa mahali, anangoja. Ibada ikiisha, usije mlangoni kunipa mkono mimi. Nenda kwake.