Fungu Alilobeba Mwadime

"Mwitika baragumu hakatai fungu." Ndivyo alivyoambiwa binamu yenu Mnyika leo asubuhi kwenye mkutano wa bomba la maji. Alipiga kelele "Tuko pamoja!" kuliko watu wote, kisha majembe yalipogawiwa akakumbuka kwamba mgongo unamuuma. Mmecheka sana, na mimi nimecheka, kwa maana mgongo wa Mnyika naujua. Sasa mnaniuliza ni baragumu gani hilo na fungu la nini. Endeleeni kuchambua maharage, nami nitawaeleza methali hii ilikozaliwa. Huko ilikotoka hapakuwa na kicheko.

Zamani, kabla barabara haijapanda huku kwetu Taita, milima yetu ilikuwa na misako miwili. Mmoja ulikuwa wa watu walio hai, wa mishale na kelele. Wa pili ulikuwa wa ukungu. Msimu wa baridi, ukungu uliposhuka mchana na kulala juu ya mashamba, watu walisikia kwanza njuga za mbwa, kisha nyayo nyingi zisizovunja hata kijiti, kisha baragumu. Waliopita humo ni wasasi waliofia porini na vichwa vyao havijaletwa nyumbani. Desturi yetu ilikuwa hii: mtu akizikwa na muda ukapita, kichwa chake kilitolewa kaburini kikawekwa pangoni pamoja na vya wazee wake, naye akapumzika. Aliyepotea porini hakuwa na pango, kwa hiyo aliendelea kuwinda. Mbele yao alitangulia Mwenye Msako, mrefu kuliko nyumba, na kichwani ana pembe za tandala. Hakuna aliyejua kama amezivaa au zimeota.

Aliyeusikia msako huo alikaa chini, akauma jani kwa meno, akanyamaza mpaka upite. Jani lilikuwa la kumzuia asiitike. Kwa wasasi wa huku, baragumu likilia, kila anayelijibu kwa sauti amekwisha kujiunga. Atapewa fungu la nyama, na fungu hilo atalibeba mpaka mlangoni pa mwenye haki nalo. Hiyo ilikuwa sheria ya walio hai, na wafu nao hawakuiacha.

Basi palikuwa na wasasi wawili, Mwakio na Mwadime, marafiki chanda na pete. Siku moja Mwakio alimfuata tandala akateleza, akaanguka korongoni, mguu ukavunjika. Ukungu ukafunga. Akapiga baragumu lake kumwita mwenzake. Mwadime alikuwa amekaa juu ya jiwe, karibu kabisa, na alilisikia. Akaogopa korongo, akaogopa chui, akaogopa na uzito wa mtu mzima mgongoni. Hakuitika. Baragumu lililia mpaka jioni, likidhoofika, naye akashuka zake nyumbani. Akamwambia Mghoi, mke wa Mwakio, kwamba waliachana njiani, na kwamba huenda mumewe ameteremka pwani kutafuta shanga za biashara.

Nawaambia mapema kwa sababu sipendi hadithi za kufichaficha. Ulikuwa woga tu. Na msimseme sana, maana nimezeeka hivi na bado sijui mimi ningefanya nini juu ya jiwe lile.

Mghoi alingoja miaka mitatu. Hakunyoa nywele kama mfiwa, wala hakukubali mchumba, na kila wageni walipopanda kutoka pwani aliwaendea kuwauliza. Mwanawe alijifunza kutembea, kisha kusema, kisha kuuliza baba atarudi lini.

Mwaka huo wa tatu Mwadime alikuwa akichunga mbuzi ukingoni mwa msitu, jua liko utosini, ukungu ukashuka. Ulishuka polepole, ukafunika mbuzi mmoja baada ya mwingine, mpaka akabaki peke yake katikati ya weupe. Njuga zikapita kulia kwake na kushoto kwake. Akaketi, akauma jani. Aliona miguu ikipita juu ya nyasi bila kuzilaza, na nyuso zilizotulia kama za watu wanaoota huku macho wazi. Baadaye alisema kwamba hakuogopa hata kidogo. Palinukia nyasi mbichi na moshi wa mbali, na mwili wake wote ulitaka kusinzia.

Ndipo baragumu likalia. Pigo moja refu, mawili mafupi. Hakuna aliyepiga hivyo isipokuwa Mwakio. Jani likamdondoka Mwadime, na kabla hajajizuia, sauti aliyoibana kwa miaka mitatu ikamtoka.

"Niko! Niko hapa!"

Msako wote ukasimama. Pembe za tandala zikageuka ndani ya ukungu.

"Mwenzetu ameitika," ikasema sauti ya upole, ya mtu asiye na haraka. "Mpeni fungu."

Kitu kizito kikatua begani kwake. Ukungu ulipoinuka hapakuwa na mtu. Alikuwa amebeba paja la tandala, baridi kama jiwe la mtoni, na kwenye ngozi yake palikuwa na chale tatu za kisu. Kila msasi alikuwa na alama yake ya kutia kwenye nyama. Chale tatu zilikuwa za Mwakio, na paja, kwa desturi, ni la mke wa aliyeua.

Mwadime alielewa palepale. Kulipeleka paja lile kwa Mghoi ni kumwambia kila kitu, na akiambiwa Mghoi, umeambiwa mlima mzima. Nani angewinda naye tena? Nani angempa hata kaa la moto? Akalitupa mtoni. Asubuhi akalikuta linaning'inia kwenye mlango wa zizi lake. Akalizika kwenye shimo la kufika kifuani. Asubuhi likawa palepale zizini, halina hata chembe ya udongo, na limezidi uzito. Halikuoza, wala nzi hakuligusa. Na jua lilipowaka kijiji kizima, uani kwa Mwadime ukungu ulibaki, na ndani yake njuga zilisogea karibu zaidi kila siku. Alijua wanamngoja. Fungu lisipofika mlangoni, mbebaji wake hulibeba milele, pamoja nao.

Siku ya tatu akalitia begani, akaenda.

Mghoi alikuwa mlangoni akisokota kamba za kikapu. Alimwona akija ameinama, akacheka kidogo.

"Shemeji, leo umebeba nini hata unatembea kama bibi harusi?"

"Fungu lako, Mghoi."

"Langu? Nani kaniwindia mimi?"

Mwadime alilishusha miguuni pake. Mghoi aliziona chale. Akazigusa moja, mbili, tatu, na mkono ukabaki pale.

"Mkono huu ni wa Mwakio. Yuko wapi?"

"Yuko korongoni, chini ya jiwe kubwa. Yuko huko tangu siku ile. Alivunjika mguu."

"Ulijuaje?"

"Alipiga baragumu."

"Mara ngapi?"

"Mpaka jioni."

"Nawe ulikuwa wapi?"

"Karibu," akasema Mwadime, na machozi yakamtoka. "Karibu hata angekohoa ningemsikia. Sikuitika, Mghoi. Niliogopa. Nipige, nitangaze, nifukuze nchini, yote nimekubali. Ila usinirudishe kule korongoni."

Mwana wa Mghoi alitoka ndani akauliza nyama imetoka kwa nani, na mama yake akamjibu, "Kwa baba yako." Kisha akamgeukia Mwadime, na sauti yake haikupanda wala kushuka.

"Miaka mitatu nimemdanganya mtoto huyu kwa maneno uliyonipa wewe. Siku ile hukuitika, ukaenda zako bila mzigo. Safari hii umeitika. Fungu langu umelileta, nimelipokea. Lako bado liko korongoni."

Mwadime akaelewa fungu lake ni lipi.

Alikwenda peke yake, maana hakuna aliyejitolea kumsindikiza. Njia nzima ukungu ulikwenda naye, mweupe na mpole. Kila baragumu lilipolia mbele aliitika, "Nakuja, Mwakio," na kila alipoitika lililia karibu zaidi, mpaka akalikuta limelala juu ya mifupa, kimya, buibui wametanda ndani yake. Alikaa naye kwanza. Alimsimulia habari za kijiji, nani kaoa, nani kafa, mtoto wake ameota meno mangapi. Kisha akaizika mifupa mingine palepale, akakifunga kichwa ndani ya ngozi ya mbuzi, akakitia begani, akaanza kupanda.

Kijiji kizima kilikuwa kimekusanyika njia ya pangoni. Mghoi alikuwa amekwisha kunyoa nywele. Watu walimwona Mwadime akitokea chini, ametapakaa matope, magoti yanavuja damu, anapumua kama mtu anayebeba mlima. Wengine waliokuwa wamekuja kumzomea walisahau kuzomea. Kaka wawili wa Mwakio waliona huruma wakasogea, wakanyoosha mikono wampokee, maana ule mwinuko wa mwisho wa pangoni ni mkali na yeye alikuwa anayumba.

"Mwacheni," akasema Mghoi.

"Ataanguka, shemeji."

"Akianguka atainuka. Mwacheni afike nacho."

Akaanguka mara moja kweli. Mghoi hakumpa mkono, lakini alisimama pembeni yake mpaka alipoinuka, na walipanda wote wawili, yeye hatua moja nyuma. Mwadime alipokiweka kichwa pangoni, Mghoi alilia kwa mara ya kwanza. Alilia kwa sauti kubwa, kilio cha miaka mitatu kwa pamoja. Mwadime alitaka kutoka, Mghoi akamzuia kwa mkono.

Mnataka kujua kama alimsamehe. Sijui. Walioshuhudia walisema tu kwamba alimpa maji kwa kibuyu chake mwenyewe, na akangoja anywe yote. Jambo moja najua: baragumu la pigo refu na mafupi mawili halikusikika tena milimani.

Jioni ile kaka mkubwa wa Mwakio alimlaumu Mghoi mbele ya watu kwamba alikuwa mkatili, kumwachia mtu aliyechoka mzigo ule peke yake. Mghoi akamtazama. "Ningempokea njiani," akasema, "angebaki yule yule wa juu ya jiwe. Mwitika baragumu hakatai fungu."