Nyama Nyepesi ya Sungura

Kiangazi kilipokaza, wanyama wote wa bondeni walikonda, isipokuwa mmoja. Swala alibaki mbavu. Nyati alibaki pembe na hasira. Hata Tembo alionekana kama amevaa suruali ya kaka yake. Fisi peke yake ndiye aliyenenepa, na msishangae: kila aliyekufa kwa kiu alimfia Fisi karibu na mlango, naye hakuwa mtu wa kukataa riziki. Alikula mpaka akashindwa. Kilichobaki mkewe alikikausha, akakifunga mafurushi matatu kwa kamba za ukindu, akapiga fundo lake ambalo nyumba nzima ya mafisi ililijua.

Ng'ambo ya mto mvua ilikuwa imenyesha. Simba alishatangulia huko, akajitangaza mfalme wa majani mabichi, ingawa yeye majani hayali. Akatoa amri kwamba kila anayehamia amletee zawadi ya nyama, ndipo aonyeshwe mahali pa kuishi. Swala na Pundamilia walisamehewa zawadi, kwa sababu ambayo hawakuiulizia sana. Sungura hakusamehewa. Simba alisema yule hata kitafunio hatoshi.

Wa kuvusha wanyama alikuwa mmoja tu, Bi Kiboko. Sheria yake ilikuwa fupi: panda mgongoni na mzigo wako, yeye aingie majini. Maji yakimfika masikioni, anarudi ufukweni nawe unashuka. Alikuwa pia ametangaza kwamba mwezi ukiandama atahamia ziwani, maana mto ulikuwa unapungua na mamba wanazidi kusongamana. Atakayebaki, abaki.

Mke wa Fisi alivuka siku ya kwanza na watoto wake wanne. Fisi akapanda zamu iliyofuata, bila hata furushi moja. Bi Kiboko alipiga hatua tatu tu, maji yakamwingia masikioni yote mawili.

"Shuka," akasema.

"Shikamoo, Bibi. Labda ukiinua kichwa kidogo..."

"Marahaba. Shuka."

Kutoka ng'ambo mkewe akapaza sauti, "Baba watoto! Vipi?" Fisi akashuka. Alikaa kwenye tope akiwatazama wanawe wakiruka kwenye majani mabichi, na moyo ulimuuma kweli.

Sungura alikuwa kichakani akiona yote. Huyu Sungura alikuwa na ndoto moja kubwa: kupata ng'ambo shimo la maana, lenye kina, lenye vyumba viwili na mlango wa nyuma wa kutorokea. Lakini shimo kama hilo lilihitaji zawadi nono, na yeye nyama hana, na kuwinda si kazi yake. Akajitokeza na uso wa msibani.

"Pole, mjomba. Nimeona. Mto mzima umeona."

"Mke wangu yuko kule, Sungura. Wanangu wako kule. Mwezi ukiandama nitabaki hapa na nani?"

"Utavuka, mjomba. Tatizo si wewe, ni nyama. Nyama halisi ina uzito. Mimi ninayo nyingine, ya mbadala. Utamu uleule, uzito hakuna. Nyama nyepesi! Unakula kapu zima, na mwili haupati habari."

Fisi alisikia maneno mawili tu, "kapu" na "zima". "Iko wapi?" akauliza.

"Ipo. Ila ile halisi usikae nayo nyumbani, itakutia majaribuni. Niletee nikutunzie."

Basi Fisi akayaburuta mafurushi yake matatu mpaka kwa Sungura, akashukuru na kushukuru. Wapo watu wanaoibiwa wakiwa wamelala. Huyu aliibiwa akiwa anabeba mwenyewe.

Siku iliyofuata chakula kikaja. Nyama yenyewe ilikuwa uyoga mkavu uliolowekwa kwenye maji ya udongo mwekundu. Mifupa ilikuwa mabua ya mtama. Uboho ulikuwa mlenda. Na supu, hiyo ilikuwa maji ya moto yaliyoonyeshwa mfupa kwa mbali.

Fisi akatafuna. "Mbona kama uyoga?"

"Ni mazoea tu, mjomba. Kula tena."

Akala kapu zima. Akangoja ile raha ya kushiba ije, haikuja. Akala kapu la pili, maana si ni nyepesi? Akala la tatu. Tumbo likajaa likawa gumu, lakini ulimi wake ulikuwa bado umekaa mkekani ukisubiri chakula kiletwe.

Hapo ndipo alipokumbuka kitu. Fisi hakuwa mjinga wa kutoa kila alichonacho. Paja moja la nyati alikuwa amelisahau makusudi nyuma ya jiwe. Akaanza kupiga hesabu ambayo wengi wetu tumewahi kuipiga: "Asubuhi nimekula nyepesi. Mchana nimekula nyepesi. Nimejinyima vya kutosha, nastahili kitu." Akaenda nyuma ya jiwe, akamega pande kubwa, akalimeza bila kutafuna ili lisihesabike. Ikawa hivyo kila siku.

Nusu ya mwezi ilipopita, akashuka mtoni kwa mbwembwe. Bi Kiboko akapiga hatua moja tu. Maji yakapita masikio, yakafika machoni.

"Shuka!" akafoka. "Umeongezeka! Unakula nini wewe?"

"Nyama nyepesi ya Sungura, Bibi. Makapu matatu kwa siku, na hainenepeshi hata kidogo," Fisi akasema kwa fahari, akamwonjesha.

Bi Kiboko alitafuna mara mbili, akatema. "Mimi nakula majani tangu nizaliwe. Haya si majani, na wala si nyama. Sasa niambie ukweli. Ukimaliza makapu matatu, unakwenda wapi?"

Fisi akainamisha kichwa. "Nyuma ya jiwe, Bibi."

"Nilijua. Sikiliza. Kula nyama yako, ile unayoipenda. Kipande kimoja kwa siku, ukubwa wa unyayo wa mwanao mdogo. Kitafune mpaka kiishe kabisa mdomoni. Halafu inuka, utembee mpaka kwenye kile kichuguu cha mbali na kurudi."

"Kipande kimoja! Bibi, hata wewe mwenyewe..." Fisi akaanza, akimtazama kuanzia pua hadi mkia.

"Mimi unene ni kazi," Bi Kiboko akamkata. "Nikikonda mtavukia wapi?"

Fisi akaenda mbio kwa Sungura kudai nyama yake. Sungura akashika kifua. "Nyama ipi, mjomba? Nilishaitupa mtoni, kwa ajili ya afya yako." Fisi akalia pale pale, bila aibu. Lakini machozi hayakumrudishia kitu, naye paja la nyati lilikuwa limebaki nusu.

Siku ya kwanza ya kipande kimoja ilikuwa mateso. Siku ya tatu alijikuta anautazama mkia wake kwa jicho baya. Siku ya tano, akitafuna polepole kwa sababu hakuwa na la kufanya, aligundua jambo lililomshtua: nyama ina ladha. Maisha yake yote alikuwa akimeza, na leo ndiyo anaonja. Aliguguna kipande chake hadi jua likasogea, akatembea mpaka kwenye kichuguu, akarudi, akastaajabu kwamba hakuwa na hamu ya kwenda nyuma ya jiwe. Njaa ilikuwepo, sitawadanganya. Lakini ilikuwa njaa inayosikia ukiongea nayo. Paja likapungua, na Fisi akapungua nalo.

Siku ya mwisho ya mwezi ikafika. Mtoni walikuwa wamebaki wawili tu, Fisi na Sungura. Sungura alikuwa ameketi juu ya mafurushi matatu aliyoyafunika kwa majani ya mgomba, na pembeni yake palikuwa na kapu kuukuu la mabaki ya nyama nyepesi, ambalo alikusudia kuliacha.

"Mzigo gani huo?" akauliza Bi Kiboko.

Sungura akamtupia jicho Fisi, kisha akacheka. "Vyakula vyangu vya mbadala tu, Bibi. Vyepesi, havina uzito wowote."

Akapakia, akapanda. Bi Kiboko akaingia majini. Hatua ya kwanza, maji shingoni. Ya pili, mashavuni. Ya tatu, masikioni.

Bi Kiboko akasimama. Akafikiri, na kufikiri kwake hakukuwa kwa haraka. "Sungura," akasema, "wewe na majani yako hamwezi kunizamisha hadi hapa." Akarudi ufukweni, akajitikisa, na mafurushi yakaanguka matopeni, majani yakafunuka.

Fisi akasogea, akanusa. Kisha akaona kamba za ukindu. "Fundo la mke wangu," akasema polepole. "Hili ni fundo la mke wangu!"

"Mjomba, naweza kueleza..."

"Ulisema umeitupa mtoni!"

"Na si tuko mtoni?" Sungura akasema, akacheka peke yake.

"Mali irudi kwa mwenyewe," Bi Kiboko akaamua. "Na wewe Sungura, usijali, zawadi ya Mfalme unayo. Si ni utamu uleule?" Akalisukuma kwa pua lile kapu kuukuu mpaka miguuni pake.

Fisi naye alikuwa na mtihani wake. Yeye na mafurushi yote matatu asingevuka, na safari ya pili hakuna. Ikambidi achague pande moja la zawadi na kuacha mengine yote. Alililamba kila pande kwa kuliaga, akilia kwa sauti, mpaka Bi Kiboko akatishia kuondoka. Kisha akapanda, Sungura na kapu lake wakiwa mbele yake. Maji yakapanda hadi chini kidogo ya masikio, yakakomea hapo. Ng'ambo mkewe alimpokea kwa vicheko na kumzunguka mara mbili. "Baba watoto, umerudi nusu! Nusu nyingine umeiacha wapi?"

"Kwenye makapu ya Sungura," Fisi akajibu.

Simba alipokea zawadi akiwa amekaa juu ya jiwe, wanyama wote wamemzunguka. Akaonja nyama ya Fisi, akatikisa kichwa kwa kuridhika, akampa pango kubwa karibu na familia yake. Ikaja zamu ya Sungura. Simba akatia pande mdomoni. Akatafuna. Akaendelea kutafuna. Mfalme hatemi mbele ya watu, kwa hiyo ilimbidi ameze, na wote waliuona ule uyoga ukishuka kooni kwa shida.

"Hii ni nini?" akauliza taratibu.

"Nyama, Mtukufu," Sungura akasema huku masikio yakimtetemeka. "Ni ileile, ila nyepesi."

"Vizuri sana. Na mimi nimekuandalia shimo. Njoo."

Sungura akamfuata akirukaruka, akidhani amenusurika. Simba akafika penye majani marefu, akanyanyua mguu, akakandamiza majani mara moja, pakabonyea kidogo kiasi cha kulaza mgongo.

"Karibu nyumbani," akasema.

Sungura akazunguka kile kibonyeo, akatafuta mlango, akatafuta vyumba. "Mtukufu, mbona hakina kina?"

"Kina ndicho chenye uzito," Simba akasema, akageuka kuondoka. "Hilo ni shimo lilelile, ila jepesi."

Ukipita porini leo utamkuta bado amelala humo, mgongo wazi, jua lake na mvua yake. Na ukisogea karibu hukurupuka na kutimua mbio, maana mlango wa nyuma hakupewa.