Mbege ya Kiwandani

Mkurugenzi wa kiwanda kikubwa cha bia alipanda Kibosho na mbege yake ya chupa, pombe ya ndizi na ulezi, "ya asili kama ya bibi," akataka kilabu cha Aikaruwa kifungwe.

"Tumwite mtendaji wa kijiji," alisema Aikaruwa. "Uonje mbele yake. Itakayokushinda kumeza isiuzwe tena hapa, hata iwe ya nani."

Mkurugenzi akakubali haraka. Hukumu si ilikuwa mdomoni mwake? Mtendaji alipofika, mkurugenzi akapewa kibuyu cha mbege, akapiga funda, akatema.

"Mama, haya maji ya kuoshea masufuria unawanywesha watu? Ndizi hainukii, ulezi ndio kabisa. Mtendaji, piga marufuku."

"Nimepiga," alisema mtendaji.

Aikaruwa akampangusa mgeni tai. "Pole, baba. Kwetu mwenye pombe ndiye huonja kwanza. Hiyo imetoka kwenye chupa zako."