Bakuli la Meneja

Watu wengi wakiisikia methali isemayo mficha maradhi kifo humfichua, humfikiria mgonjwa mkaidi anayemeza maumivu yake kimya mpaka siku ya kubebwa. Huyo yupo, tena ni wengi. Lakini yupo mwingine ambaye methali hii inamlenga na watu humsahau: yule anayeficha maradhi ya mwenzake, kisha akaona kuficha huko ni huruma. Kisa hiki ni cha huyo wa pili.

Alikuwa fundi cherehani. Chumba cha mbele cha nyumba yake kilikuwa karakana, na pazia lililofifia rangi ndilo lililokitenga na chumba cha kulala. Nguo mpya alishona kama mafundi wengine, lakini sifa yake hasa ilikuwa kuziba. Ukimpelekea suruali iliyoraruliwa na msumari au gauni lililoungua kwa pasi, naye alichomoa nyuzi katika upindo wa nguo ileile, akazifuma palipotoboka mpaka mwenye nguo mwenyewe akatafuta tundu asilione. "Tatizo lisiloonekana si tatizo," alipenda kusema, huku akikata uzi kwa meno. Wateja walicheka, naye alicheka pamoja nao.

Msimu ule mkewe alikuwa amekwenda mji wa mbali kumuuguza mama yake mzazi, akamwachia fundi binti yao wa pekee. Binti huyo majirani walimwita Wakili, kwa kuwa hakubali neno mpaka alitafune na kuuliza lilikotoka. Mama yake alijua kwamba mtoto atalia, kwa hiyo kabla ya kuondoka alimletea sungura mweupe mwenye sikio moja la kijivu. "Huyu atakupa la kufanya mpaka nirudi," alimwambia. "Kila asubuhi tazama bakuli lake. Ukilikuta tupu, ujue ni mzima."

Sungura alijichagulia makazi chini ya meza ya kukatia nguo. Alikaa pale kutwa nzima, akiwatazama wenzake wakifanya kazi bila yeye kugusa chochote, na ndiyo sababu akapewa jina la Meneja. Mshona viatu wa jirani hakuacha kutania: "Fundi, una meneja, una wakili. Kilichobaki ni wateja tu!" Wakili alikuwa akicheka mpaka anashika mbavu. Usiku alilia kidogo kwa ajili ya mama yake, lakini akishampakata Meneja alinyamaza. Fundi aliyaona hayo, na moyoni mwake aliapa kwamba mtoto huyu hatalia tena kama anaweza kumzuia.

Ikaja wiki ya mtihani wa kumaliza shule ya msingi. Asubuhi ya siku ya kwanza fundi aliamka mapema kuliko binti yake, akakuta bakuli la Meneja limejaa kama lilivyoachwa jana. Majani ya karoti yalikuwa yamelala, hayakuguswa. Meneja mwenyewe alikuwa amejikunja pembeni, macho nusu wazi, kidevu chake kimelowa. Mara pazia likatikisika na nyayo za mtoto zikasikika. Meneja akasimamisha masikio, akachezesha pua, akaruka hatua mbili mbele kama vile hana neno.

Fundi alipoona vile, akafanya jambo ambalo mikono yake ilikuwa imezoea kulifanya miaka yote. Aliona tundu, akaliziba. Aliyazoa majani, akayasukumia ndani kabisa ya gunia la vipande vya vitambaa lililokuwa nyuma ya cherehani, akalirudisha bakuli mahali pake.

"Bakuli tupu!" Wakili alishangilia. "Umeona, baba? Meneja naye ananitakia mtihani mwema."

"Nimeona, mama. Haya, chukua kalamu zako, usichelewe."

Alijisemea kwamba ni kuvimbiwa tu, kutapita. Kesho yake alijisemea hivyohivyo, na keshokutwa pia. Kila asubuhi alizoa majani akayaficha, na kila asubuhi Meneja alijikaza mtoto alipotokea, akanyong'onyea alipokwenda. Vinyesi vyake, ambavyo kwa kawaida vilitapakaa sakafuni kama punje za pilipili manga, vilikuwa vimeadimika. Fundi hakuwa mjinga, aliyaona yote. Asubuhi moja alipiga magoti chini ya meza, akamnong'oneza, "Jikaze, bwana mkubwa. Mtoto amalize mtihani kwanza." Meneja alimtazama bila kupepesa. Wawili hao wakawa wamefungamana katika uongo mmoja, isipokuwa mmoja wao ndiye aliyekuwa akifa.

Siku ya mtihani wa mwisho Wakili alirudi mbio, viatu mkononi. Aliinama chini ya meza, na fundi akasikia ukelele. Meneja alikuwa amelala ubavu, masikio baridi, akisaga meno kwa sauti ndogo. Mtoto alimfunga ndani ya sweta yake ya shule akatoka mbio barabarani, na baba yake akamfuata, tepu ya kupimia ikining'inia shingoni.

Daktari wa mifugo alikuwa mama wa makamo mwenye mikono mipana. Alimlaza Meneja mezani juu ya taulo, akamminya tumbo taratibu.

"Tumbo limejaa gesi," alisema. "Ameacha kula tangu lini?"

"Leo," Wakili alijibu, akihema. "Jana alimaliza bakuli. Juzi pia. Naangalia mwenyewe kila asubuhi."

"Una uhakika, mwanangu? Sungura ni wajanja. Porini, mnyama akionyesha udhaifu analiwa, kwa hiyo huyu huficha maumivu mpaka asiweze tena. Sisi tunamjua kwa bakuli lake tu. Bakuli halidanganyi."

"Lilikuwa tupu, daktari. Wallahi."

Daktari alikunja uso. "Basi sikilizeni. Angekuwa ameacha kula siku kadhaa, ningemwongezea maji na kumlisha uji kwa bomba la sindano sasa hivi, pamoja na dawa ya kuamsha tumbo. Lakini kama jana alikula vizuri na leo ameanguka ghafla, huenda kuna kitu kimemziba ndani. Huyo nikimlisha, nitamuua. Nyumbani kuna nini cha kumeza?"

"Nyuzi," Wakili alisema. "Baba ni fundi."

Daktari akamgeukia baba mtu. "Fundi, ni kweli alikuwa anakula?"

Hapo ndipo pangekuwa mahali pa kusema. Neno moja tu lilitakiwa. Fundi alifungua kinywa, akamtazama binti yake aliyekuwa amesimama wima kama shahidi mwenye hakika. Angesemaje, mbele ya mtoto, kwamba bakuli lile yeye ndiye aliyekuwa akilimaliza?

"Mtoto ndiye anayemtunza," alisema. "Muulize yeye."

"Ameshasema."

"Basi ndivyo hivyo."

Daktari alimchoma Meneja sindano ya maumivu, akamfunika, akaamua kumwangalia kwanza bila kumpa kitu kinywani. Ikiwa hali haitabadilika, atampasua autafute huo uzi. Fundi na binti yake walikaa kwenye benchi la nje. Mwanga wa mchana ulisogea ukutani, na kwa kila dakika iliyopita fundi alijua kwamba mnyama mwenye njaa ya siku nyingi ananyimwa chakula kwa sababu yake. Alijua, na bado alikaa.

"Baba," Wakili alisema, akiyatazama magoti yake. "Mimi ndiye ninayefagia. Labda sikufagia vizuri. Labda ni mimi niliyemponza."

Fundi aliinuka kama aliyechomwa. Aliingia ndani, akafunga mlango nyuma yake, akamweleza daktari kila kitu, kuanzia asubuhi ya kwanza, majani na gunia. Daktari hakumgombeza. Alimtazama tu, kisha akanyoosha mkono kuchukua bomba. "Ungesema ulipoingia," alisema, na hakumtazama tena.

Alifanya yote ambayo angeyafanya tangu mwanzo. Maji yalipita chini ya ngozi, uji ukasukumwa tone kwa tone. Meneja alimeza mara mbili. Mara ya tatu uji ulibaki mdomoni, na mikono mipana ya daktari ikasimama: Meneja alikuwa amekata roho. Alipofungua kinywa cha sungura yule na kumulika tochi mpaka nyuma kabisa, aliona kilichokuwa: jino la gego lilikuwa limeota upande, likachongoka, likawa linaukata ulimi. Meneja hakuacha kula kwa kutotaka. Alishindwa.

"Mnyama akiwa macho, jino hili huwezi kuliona," daktari alisema. "Lakini ningejua ameacha kula siku zote hizo, ningempa dawa ya usingizi nilitafute. Kulipunguza makali ni kazi ndogo tu."

"Nakuomba usimwambie mtoto."

"Sitamwambia. Mimi nilitibu sungura. Hilo lingine ni la kwako."

Njiani Wakili alikuwa amembeba Meneja ndani ya sweta ileile, na watu waliwapisha wakidhani ni mtoto mchanga aliyelala. Karibu na nyumbani aliuliza, "Ni nyuzi?"

"Si nyuzi, mama. Ni jino. Wewe huna kosa." Fundi alishusha pumzi, kwani hilo lilikuwa kweli. Alidhani tundu limezibika.

Walipofika, alichukua jembe akaenda kuchimba nyuma ya nyumba. Udongo ulikuwa mgumu na alikawia. Aliporudi, alimkuta Wakili amepiga magoti nyuma ya cherehani, gunia la vitambaa limepinduliwa. Alikuwa akitafuta kipande laini cha kumzikia rafiki yake. Juu ya meza ya kukatia alikuwa ametandaza majani ya karoti, fungu baada ya fungu, akiwa ameyatenga kwa unyevu wake: yaliyokauka hata kuvunjika, yaliyogeuka manjano, na haya ya mwisho, bado mabichi. Kando yake Meneja alilala kwenye sweta. Harufu ya kuoza ilijaa chumbani.

"Haya ni ya leo," Wakili alisema bila kugeuka. "Haya ya jana. Haya sijui ya lini."

Fundi aliweka jembe chini. "Mwanangu, ulikuwa na mtihani. Sikutaka ulie."

"Na sasa silii?"

Kwa kweli hakuwa akilia, na hilo ndilo lililomtisha baba yake. Uso wake ulikuwa mkavu kama wa mtu mzima aliyepewa habari mbaya kazini. Alichukua jani moja, akalikunja, akalikunjua.

"Daktari aliuliza, baba. Akasema bakuli halidanganyi. Mimi nikaapa." Alilirudisha jani kwenye fungu lake. "Nikaapa kwamba alikula. Angejua, angempa uji. Ni mimi niliyemwambia asimpe."

Fundi alitaka kusema sivyo, lakini ndivyo. Alikuwa amemkwepesha mtoto machozi ya siku moja, akamwachia kiapo cha uongo abebe maisha yake yote, tena bila mtoto kujua kwamba ni uongo. Mikono yake iliyoweza kurudisha kitambaa chochote kilichoungua ilining'inia ubavuni. Hakuwa na uzi wa kazi hii.

Walimzika Meneja jua likizama, ndani ya kipande cha hariri nyeupe kilichobaki kwenye gauni la bibi harusi. Mshona viatu alikuja, hakutania, akasaidia kusawazisha udongo, akaenda zake.

Usiku mke wa fundi alipiga simu kama kawaida. "Habari za huko? Mtoto je? Meneja hajambo?"

"Huku sala..." fundi alianza, na neno likamkwama. Wakili alikuwa ameketi chini ya meza ya kukatia, mahali pale pa mnyama, amekumbatia bakuli. Alikuwa akimsikiliza.

"Hapana," fundi alisema. "Huku si salama. Meneja amekufa. Nilimwona anaumwa tangu mwanzo wa wiki, nikaficha." Akayasema yote, bila kuruka hata asubuhi moja, machozi yakimdondokea kwenye tepu iliyokuwa bado shingoni. Alipomaliza, alitazama chini ya meza akitumaini kuona dalili ya msamaha. Wakili alikuwa amegeukia ukuta.

Hakumsamehe siku ile, wala wiki ile. Wateja waliendelea kuleta nguo zao, na fundi aliendelea kuziba, ila lile neno lake la tatizo lisiloonekana halikusikika tena kinywani mwake. Kila asubuhi Wakili alimtengea baba yake chai, kisha hakuondoka. Alisimama palepale, mkoba begani, akimtazama anavyokunywa mpaka kikombe kiishe, kwa sababu hakuamini tena chombo kitupu ambacho hakukiona kikimalizwa. Naye fundi alikunywa huku ameinamisha uso, akijua kwamba kila lililofukiwa gunini lilifukuliwa na mkono wa mtoto aliyekuwa akitafuta sanda. Hakika, mficha maradhi kifo humfichua.